Yeremia 29:11 ilikuwa barua, na barua ina mwenyewe: tuisome yote

Mlei wa Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe. Na kwa wasiopokea salamu hiyo, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu. Nimeubeba tangu mwezi wa pili, leo nimeona niutue.

Kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia yupo dada mmoja ambaye mumewe aliugua figo. Tulipokwenda kumjulia hali hospitali tulibeba matunda na kadi, na kadi ile niliiandika mimi kwa mkono wangu. Niliandika Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Chini yake nikaongeza: “Pokea ahadi yako ya uponyaji.” Wiki ya tano tukamzika.

Mwezi wa pili dada alirudi kikundini kwa mara ya kwanza. Tulipomaliza kuomba aliitoa ile kadi ndani ya Biblia yake, akaiweka mezani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: “Hii ahadi ilikuwa ya nani?”

Tulinyamaza wote. Aliyepaswa kujibu ni mimi niliyeiandika, na sikuwa na la kusema. Mstari ule nimeukuta kila mahali: kalenda za kanisa, nyuma ya bajaji, keki za mahafali, status za WhatsApp kila Januari mosi. Lakini sura yake nzima sikuwa nimewahi kuisoma kwa kituo. Nikaenda nyumbani nikaisoma, kisha nikarudi nyuma hadi sura ya 27, kwa sababu ilionekana wazi kuwa habari haikuanzia pale.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba sura ya 29 ni barua, na inajitambulisha hivyo tangu mstari wa kwanza. Mwandishi ni Yeremia, yuko Yerusalemu. Wapokeaji wako Babeli: wazee, makuhani, manabii na watu wote waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia na mama yake. Hata waliobeba barua wametajwa, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Kwa hiyo swali la dada, “ahadi hii ilikuwa ya nani”, limejibiwa kwenye anwani ya barua yenyewe. Sisi tu ndio tuliokuwa tunaitupa bahasha.

Watu hao walichukuliwa mwaka 597 KK. Hekalu lilikuwa bado limesimama. Liliteketezwa kama miaka kumi na moja baadaye. Yaani mateka wa kwanza walikaa Babeli wakijua nyumbani kungalipo, nyumba ya Mungu ipo, na ndugu zao wapo. Mtu wa namna hiyo hafungui mizigo. Kila asubuhi anauliza tunarudi lini.

Na walikuwepo wa kumjibu. Someni sura ya 28. Mwaka wa nne wa Sedekia, mfalme wa Yuda, mwezi wa tano, Yeremia yupo Yerusalemu akiwa na nira ya mti shingoni, ishara kwamba Yuda na mataifa jirani yatamtumikia mfalme wa Babeli. Hanania mwana wa Azuri, nabii kutoka Gibeoni, anamkabili hekaluni mbele ya makuhani na watu wote na kutoa unabii ambao kila mmoja alikuwa na kiu nao: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Naye alianza na “BWANA wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi”, maneno yale yale anayoanza nayo Yeremia. Aliyesimama uani siku ile asingeweza kuwatofautisha kwa utangulizi wao.

Yeremia alijibu “Amina”. Ipo 28:6. Aliipenda habari ile na alitamani iwe kweli. Lakini Hanania akaichukua nira shingoni mwake akaivunja, na Biblia inasema Yeremia akaenda zake. Mimi hapo nimekaa sana. Nabii wa kweli, mbele ya umati, hakuwa bado na neno jipya, akaondoka kimya badala ya kubuni. Neno lilikuja baadaye: umevunja nira za miti, badala yake utafanya nira za chuma. Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Aliahidi miaka miwili, yeye mwenyewe hakupata hata miezi mitatu.

Kitabu kinaiweka barua mara baada ya kisa hicho. Huko Babeli nako walikuwepo akina Hanania wao. Ahabu mwana wa Kolaya na Sedekia mwana wa Maaseya wametajwa kwa majina ndani ya barua. Basi barua inawaambia nini watu waliokalia mizigo yao? “Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake.” Oeni, ozesheni, zaeni. Kisha neno gumu kuliko yote: “Kautakieni amani mji ule.” Mji upi? Babeli. Mji uliowavunjia kwao. Waombeeni waliowateka, kwa sababu “katika amani ya mji huo ninyi mtapata amani”. Halafu onyo kwamba manabii walio kati yenu wasiwadanganye. Halafu mstari wa 10: Babeli utakapotimiziwa miaka sabini, ndipo nitawajilia. Na hapo ndipo unaingia mstari wa 11.

Angalieni unavyoanza: “Maana.” Hakuna mtu anayefungua mazungumzo kwa “maana”. Ukimkuta mtu anasema “maana mvua ilinyesha”, unajua kuna jambo amelisema kabla na hujalisikia. Mstari wa 11 ni sababu ya mstari wa 10. Mungu anasema mtakaa miaka sabini, wala msidhani nimewachukia, maana nayajua mawazo ninayowawazia.

Kiswahili chetu hapa kinatubeba vizuri. “Ninayowawazia ninyi.” “Kuwapa ninyi.” “Siku zenu.” Msomaji wa Kiingereza ana neno moja tu kwa wewe na ninyi, anaweza kujisomea kana kwamba yuko peke yake na Mungu chumbani. Sisi hatuna udhuru, wingi tunauona kwa macho. Vilevile “amani” ya mstari wa 11 ni ileile ya mstari wa 7. Kwa Kiebrania zote ni shalom, na Biblia ya Muungano imeziacha zionekane. Amani wanayoahidiwa ndiyo ile waliyoambiwa wauombee mji wa adui.

Sasa fanyeni hesabu iliyonikosesha usingizi. Chukua mtu mzima wa miaka arobaini siku barua iliposomwa. Ataishi kuiona safari ya kurudi? Haiwezekani. Sehemu kubwa ya watu waliosikia “mawazo ya amani wala si ya mabaya” walizikwa Babeli. Na neno halikuwa uongo kwao. Liliahidiwa kwa taifa, likabebwa na watoto na wajukuu waliozaliwa katika nyumba zile walizoambiwa wazijenge.

Mimi kwenye kadi niliongeza kitu ambacho Yeremia hakukiandika. Niliweka tukio, uponyaji, na kwa mgonjwa aliyelala pale nilikuwa nimeweka na muda. Neno la Yeremia nililigeuza kuwa neno la Hanania, kwa upendo kabisa. Nadhani hata Hanania aliwapenda wale watu.

Nawasilisha. Karibuni.

Tumaini_K

Naweka kambi hapa.

Bi Ufunuo

Mtumishi, shalom. Pole sana kwa msiba, na pole kwa huyo dada. Ila nina mzigo na uzi huu. Waebrania 4:12 inasema Neno la Mungu li hai. Wewe unalifanya kuwa historia. Kuna logos, neno lililoandikwa, na kuna rhema, neno ambalo Roho anakupa wewe binafsi kwa saa yako. Mimi nilipoachishwa kazi nilishinda sebuleni miezi minane, na mstari huo ndio ulioniinua kila asubuhi. Utaniambia haukuwa wangu? Mkianza kuwaambia watu “hii ni ya Wayahudi wa Babeli”, mtawaachia nini cha kushika?

Mlei wa Moro

Mama, asante kwa kuandika kwa upole. Ushuhuda wako siugusi. Kwamba Mungu alikuinua kwa mstari huo miezi minane, naamini. Na kwa kweli hali yako ilifanana nao sana: kungoja kusikokuwa na tarehe.

Kuhusu logos na rhema naomba tuangalie Maandiko yenyewe yanavyoyatumia. 1 Petro 1:23 inasema mmezaliwa mara ya pili kwa neno la Mungu, na kwa Kiyunani hapo ni logos. Mstari wa 25, neno la Bwana hudumu milele, hapo ni rhema. Petro anazungumzia neno lilelile. Matendo 10:36 ni logos na 10:37 ni rhema, katika hotuba moja, bila kupumua. Mitume hawakujenga ukuta kati ya maneno hayo mawili. Ukuta tumeujenga sisi, na nimeona matumizi yake: mtu akibanwa kuwa andiko halisemi hivyo, anajibu “mimi nimepewa rhema”, na mazungumzo yanaisha hapo. Hakuna anayeweza kumuuliza tena.

Petro huyohuyo katika waraka wa pili, 1:20, anasema hapana unabii katika maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu. Roho aliyempa Yeremia barua hatakupa wewe barua inayomkana Yeremia.

Umeuliza watu washike nini. Mimi mstari ninawaachia. Ninachoomba ni kwamba wapewe na ule wa 5, wa 7 na wa 10. Mtu aliyepewa mstari wa 11 peke yake, siku mambo yakienda kinyume anakuwa hana Mungu wa kumwendea, kwa sababu aliyevunja ahadi machoni pake ni Mungu. Dada yetu alikuwa amefika hapo.

Fundi Chuma

Mkuu mbona hesabu haikai? Toka 597 mpaka 538 walipoanza kurudi haifiki hata sitini. Sabini inatoka wapi?

Mlei wa Moro

Swali zuri, nami lilinisumbua. Andiko halisemi “ninyi mtakapokaa miaka sabini”. Linasema “Babeli utakapotimiziwa miaka sabini”, na 25:12 nayo inasema miaka sabini itakapotimia mfalme wa Babeli ataadhibiwa. Hesabu ni ya utawala wa Babeli. Wengi wanaanzia 609 KK, Ashuru ilipokwisha kabisa, hadi Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipoutwaa mji wa Babeli 539 KK: sabini kamili. Wengine wanahesabu tangu hekalu lilipochomwa 586 hadi lilipomalizika kujengwa upya, karibu 516. Nayo inaangukia sabini. Mimi nafuata ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosomeka kwenye mstari, lakini sitagombana na wa pili.

Mpiga Kinanda

Naongezea kidogo, kwa vile nimesoma historia ya Mashariki ya Kale. Vipo vibao vya udongo vya Babeli, sasa viko Berlin, vinavyoorodhesha mgao wa mafuta kwa mfalme Yekonia na wanawe, akiitwa “mfalme wa Yuda”. Kwa hiyo mfalme anayetajwa mwanzoni mwa barua hii tuna risiti ya chakula chake. Kuna na vibao vingine zaidi ya mia moja vya mji ulioitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, huko huko Babeli. Cha zamani kabisa ni cha mwaka 572 KK. Vinaonyesha familia za Wayuda wakilima, wakilipa kodi, wakikopeshana, wakirithishana mali, kizazi baada ya kizazi. Walijenga, walipanda. Barua ilitiiwa.

Mlei wa Moro

Mpiga Kinanda, umenipa zawadi. Mtu anapanda mtende akijua matunda yataliwa na mwanawe, na karani wa Babeli anaandika kodi yake kwenye udongo. Hayo ndiyo mazingira ya mstari wa 11.

Msafiri wa Eldoret

Hapa Kenya mstari tunaosomewa sana ni ule wa 3 Yohana, “Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako, kama vile roho yako ifanikiwavyo.” Juzi mhubiri mmoja alihubiri saa nzima kuwa hii ni sheria ya mbinguni: ukiwa maskini au mgonjwa, roho yako haijafanikiwa. Mama yangu ana kisukari miaka ishirini na ni mtu wa maombi kuliko wote ninaowajua. Alitoka ibadani akiwa mnyonge. Huu nao unasomwaje?

Mlei wa Moro

Ndugu, mpe mama pole yangu, na umwambie hakuna sheria hapo.

Ni barua tena. Mzee mmoja anamwandikia rafiki yake Gayo, na mstari wa 2 ni salamu. Barua za Kiyunani za wakati ule zilianza hivyo kwa kawaida, mwandishi akimtakia mpokeaji afya. Sisi waliosoma shule kabla ya simu za mkononi tunaijua desturi hii. Kumbuka tulivyofundishwa kuandika: “Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako.” Fikiria mtu aikute barua hiyo baada ya miaka elfu mbili, ahubiri kwamba kila aliye mbali na upeo wa macho ya mwenzake lazima apatwe na mashaka. Ameisoma kila herufi na hajaelewa kitu.

Tena soma maneno yalivyo: “naomba”. Ni dua ya rafiki. Na roho ya Gayo inasifiwa tayari imefanikiwa, ndiyo maana mzee anatamani na mwili uifuate. Yaani kwa andiko lenyewe inawezekana roho ikawa imefanikiwa na afya bado inaombewa. Hiyo ndiyo hali ya mama yako hasa. Mstari uliotumika kumwinamisha ulikuwa umwinue.

Mlinzi wa Ghala

Mwanzisha uzi, mbona Malaki 3:10 hamuigusi? Kila Jumapili “leteni zaka kamili ghalani”, na usipotoa wewe ni mwizi umelaaniwa kwa laana. Au hapo muktadha unasinzia?

Mlei wa Moro

Hausinzii. Mimi natoa zaka na nitaendelea, hivyo sisemi haya nikitafuta njia ya kuchomoka.

Malaki ana sura nne fupi, zinasomeka kwa dakika kumi na tano. Anaanza na nani? Sura ya kwanza anawakemea makuhani wanaotoa wanyama vipofu na vilema madhabahuni. Sura ya pili inafunguka kwa kuwaambia makuhani kwamba amri hii yawahusu wao. Laana ya 2:2 inawaangukia wao, kabla hujafika kwenye zaka. Ukifika sura ya tatu, mstari wa 5, kabla hujagusa zaka, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomdhulumu mtu wa kuajiriwa mshahara wake, na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Mistari mitano tu kabla ya ghala. Sijasikia ikisomwa siku ya zaka hata mara moja.

Na ghala lilikuwa chumba halisi. Soma Nehemia 13. Kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia, mpinzani wa Nehemia, chumba kikubwa ambamo awali waliweka nafaka, divai na mafuta ya zaka. Walawi hawakupewa posho zao, wakakimbilia mashambani kila mtu. Nehemia akavitupa nje vyombo vya Tobia, akarudisha zaka ghalani. “Ili kiwemo chakula katika nyumba yangu” maana yake chakula kabisa, cha watu wasio na shamba. Ukiongeza Kumbukumbu la Torati 14:28-29, kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane washibe.

Basi anayetaka kuihubiri Malaki 3:10 kwa uaminifu aihubiri yote. Aulize pia nani amekalia chumba cha ghala, na kama mlinzi wa kanisa amelipwa mshahara wake. Mjane wa kwenye kadi yangu, kwa torati ya Musa, yuko upande wa wanaokula zaka. Kanisani kwetu hakuna aliyefikiria kumpelekea hata gunia la mahindi.

Kijana wa Ifakara

Sasa mkuu ukienda hivi si kila kitu kitakuwa cha watu wa kale? Wakorintho wabaki na yao, Wafilipi na yao, sisi tusome gazeti.

Mlei wa Moro

Kijana, jibu lake limo ndani ya Biblia yenyewe na ni zuri mno. Barua ya Yeremia ilipata msomaji mashuhuri ambaye tunaye kwa jina. Danieli 9:2: Danieli, mzee sasa, aliyepelekwa Babeli akiwa kijana, anasema kwa kuvisoma vitabu aliifahamu hesabu ya miaka ambayo neno la BWANA lilimjia Yeremia, miaka sabini. Andiko linatuonyesha mtu anayesoma andiko.

Alifanya nini baada ya kusoma? Hakusema “napokea”. Alifunga, akaomba kwa magunia na majivu. Na ombi lake lote ni la wingi: tumefanya dhambi, tumetenda kwa ukaidi, sisi na wafalme wetu na baba zetu. Danieli alijua kusoma “ninyi”. Alijihesabu ndani ya watu waliopewa ahadi, pamoja na makosa yao, kisha akamsihi Mungu atende alichosema, bila kuongeza neno.

Kwa Mkristo kuna hatua nyingine: Paulo anasema ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo, 2 Wakorintho 1:20. Tunaifikia barua ya Yeremia kupitia kwake. Lakini njia ile inapita Babeli, haizunguki pembeni. Ukishajua ilivyowafikia wao, ndipo unaweza kuuliza Mungu yuleyule anawawaziaje watu wake leo, nao wako wapi, na mji wanaopaswa kuuombea ni upi. Mimi naishi mtaa ambao siupendi. Mstari wa 7 umenibana kuliko wa 11.

Na wewe uliyetaja Wafilipi, rudi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Mistari miwili nyuma Paulo amefungwa, anaeleza alichofundishwa: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. “Mambo yote” ni hayo. Kijana anayeuandika kwenye fulana kabla ya mechi sina ugomvi naye, ila aliyefungwa tano bila naye una neno lake pale, tena hasa yeye.

Bi Ufunuo

Nimesoma sura ya 28 mchana huu. Sikuwahi kuiona ile “Amina” ya Yeremia. Mtumishi, bado naamini Roho husema na mtu mmoja mmoja, hapo hutanitoa. Lakini nimekumbuka watu niliowatumia mistari hospitalini na maneno niliyoyaongeza. Swali langu: tukienda wodini tuseme nini basi? Maana mtu anakutazama.

Mlei wa Moro

Mama, tuko pamoja zaidi ya unavyodhani. Nami naamini Roho husema. Ibilisi naye alimsomea Bwana Zaburi ya 91 juu ya kinara cha hekalu, tena bila kukosea, ila aliruka maneno “katika njia zako zote”. Bwana alimjibu “Tena imeandikwa”. Nadhani hilo ndilo zoezi letu: kila mstari tunaotaka kumpa mtu, tuuombe na “tena imeandikwa” yake.

Wodini sasa naenda na zaburi nzima. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, inaanza na “hata lini”. Naisoma yote, naomba uponyaji kwa nguvu zangu zote, na silitaji jambo ambalo Mungu hajalitaja. Kisha namenya machungwa.

Tumaini_K

Mkuu, na yule dada je? Mlimjibu?

Mlei wa Moro

Wiki iliyofuata nilimwomba msamaha mbele ya kikundi. Nikamwambia mstari ni wa Mungu, maneno ya chini yalikuwa yangu, na Mungu hakuyasema. Kisha tukazisoma sura za 27, 28 na 29 kwa sauti, kwa kupokezana.

Yeye alipata zamu ya mwanzo wa 29. Alipofika kwenye bustani alisimama, akasema, “Kwa hiyo waliambiwa wapande wakiwa bado msibani.” Hakuna aliyeongeza neno. Akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Baadaye aliomba kalamu. Alikata mstari wangu wa chini kwenye ile kadi, mara moja, taratibu, akauacha wa Yeremia, akairudisha ndani ya Biblia yake.

Msafiri wa Eldoret

Jumatano nina zamu ya kuongoza ushirika wa nyumbani. Nataka tufanye hivyohivyo. Nianzie mstari gani, na inachukua muda gani?

Mlei wa Moro

Anzeni 27:1, msiruke majina. Kwa sauti, sura tatu, kama dakika ishirini. Mama yako naye apewe zamu ya kusoma.